Waliniombea Nisijitupe Majini, Nami Nilikuwa Najifunza Kuelea

Mpendwa mshauri Rodah, naomba msaada wako na uniwie radhi kwa mwandiko huu, maana nakuandikia nikiwa nimekaa chooni, ndipo mahali pekee mtoto wangu hanifuati ndani, na hata hapa amesimama nje anajifanya anafagia, kila baada ya dakika chache anaita, "Mum, uko sawa?" nami najibu niko sawa, kisha nasikia ufagio unaanza tena.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na nane, nimeokoka, shule niliachia darasa la saba, na niko na shamba la chai upande wa Litein, si kubwa, na ng'ombe wawili wa maziwa, na mtoto mmoja wa kike wa miaka kumi na saba aliye kidato cha tatu katika shule ya bweni, ambaye nitamwita Nelvine ingawa si jina lake. Baba yake, Johana, alikuwa dereva wa lori la kubeba majani ya chai, akafariki miaka miwili iliyopita kwa ugonjwa wa figo, na tangu tumzike mimi sijalala kitanda kingine isipokuwa changu, kwa sababu ng'ombe hawana mtu mwingine wa kuwakamua, na majani ya chai hayangoji mtu, ukikosa zamu moja ya kuchuna yanakomaa na huko senta, kituo cha kununulia majani, wanakurudishia, kwa hiyo nachuna, napeleka senta, nakamua, nalala, naamka nachuna, nimechoka mshauri, lakini hiyo siyo shida iliyonileta kwako.

Shida ilianza likizo ya Aprili. Mwaka ule Johana alipokufa, shule ya Nelvine walikuwa wamepanga kupeleka wanafunzi Sagana, kule kuna mto wenye maji yanayokimbia juu ya mawe, watu wanapanda mashua ya mpira na kupiga makasia huku maji yanawarusha, wenyewe wanaita rafting, na Johana akiwa kitandani aliweka sahihi ile karatasi ya ruhusa, na wiki ya kwenda ikawa wiki ya mazishi. Wengine walienda. Mimi hata nilikuwa nimesahau, kumbe mtoto aliiweka karatasi ndani ya Biblia ya babake, na siku moja mwezi huo wa Aprili akaiweka mezani kando ya kikombe changu.

"Mum, baba alisaini hii. Nataka twende, mimi na wewe."

"Twende wapi na hawa ng'ombe?"

"Ng'ombe wataishi."

"Na nikianguka kwa maji?"

"Utakuwa umevaa jaketi ya kuelea. Na kofia ngumu."

"Kofia ngumu ya nini kama hakuna kuanguka?"

Basi akacheka, mshauri, akacheka mpaka akashika meza, na mimi sikuwa nimesikia kicheko katika nyumba hiyo tangu babake atoke, kwa hiyo nikakubali, si kwa sababu ya mto, nilikubali kwa sababu ya kicheko.

Tangu hapo akawa anapanga kwa kitabu cha mazoezi, tutapitia Nakuru, tutalala wapi, tutavaa nini, akapiga simu kwa hao wenye mashua na kunipa niongee, kijana mwenye sauti nzuri akaniuliza, "Mama, unajua kuogelea?" na kwa sababu Nelvine alikuwa ananiangalia nikasema najua kidogo. Sijui hata kidogo. Huku kwetu mto ni wa kunywesha ng'ombe na kuvuka haraka, mama yangu alituambia ukikaa majini maji yatakuzoea, na mimi nikatii mpaka nikazeeka. Yule kijana akatuandika Jumamosi ya mwisho ya Agosti, kabla shule zifunguliwe.

Kadiri siku zilivyokaribia nikawa naota maji. Nikamwambia rafiki yangu Dorcus, ambaye anafanya kazi kiwandani na kwao ni upande wa ziwa, akanicheka sana.

"Mama Nelvine, maji haina shida na wewe. Wewe ndiye uko na shida na maji," akasema. "Sisi tukiwa watoto tulikumbatia jerikeni tupu, linafungwa kifuniko vizuri, unalala juu yake, unapiga miguu. Siku tatu unajua."

Sikumwambia Nelvine, nilitaka siku ya kwenda anione nimekaa kama mtu anayejua. Hapa kijijini tuko na dami, bwawa la kunyweshea ng'ombe. Alhamisi moja ya Agosti, shule zikiwa zimefungwa na majani bado hayajafika kuchunwa, nilitoka asubuhi ukungu ukiwa chini, nikavaa suruali ya Johana chini ya leso niliyojifunga kiunoni, na wewe unajua kanisa letu mama havai suruali, nikabeba jerikeni la lita ishirini. Nilipofika nikaomba kwanza. Halafu nikavua gumbuti zangu za mpira nikazipanga kando ya maji, juu yake nikaweka kitambaa changu cha kichwa nimekikunja, juu ya kitambaa Biblia, ndio isiguse tope. Nikajifunga jerikeni kifuani kwa ile leso, kwa sababu mikono yangu niliiogopa kwamba itaachilia, nikaingia.

Maji yalikuwa yamenifika kifuani, na miguu imekataa kuinuka, Edinah alipotokea na ng'ombe wake. Edinah ni jirani yangu na ndiye kiongozi wa ushirika wetu wa akina mama. Hebu jiweke kwa viatu vyake, mshauri. Alikuta gumbuti za mjane zimepangwa, kitambaa kimekunjwa, Biblia juu, na mwenyewe yuko ndani ya maji amejifunga kitu kifuani. Alidhani ni jiwe. Akapiga nduru, nduru ambayo watu wa ng'ambo ya bonde waliisikia, wanaume wakaja mbio na kamba ya ng'ombe, nikavutwa nje kama ndama, na hakuna aliyeuliza jerikeni ni la nini.

Nilifungua mdomo niseme ninajifunza kuelea. Lakini nimesimama mbele ya wanaume nimevaa suruali imelowa, na Edinah akanikumbatia na tope langu lote akaniambia sikioni, "Usiseme kitu, Mama Nelvine. Mungu anajua," na mshauri sitakuficha, tangu siku ya mazishi hakuna mtu alikuwa amenishika hivyo, basi badala ya kusema nililia. Nililia kilio ambacho sijui kilikuwa kimekaa wapi. Na ukilia hivyo kando ya dami, nani atakuamini ukisema ulikuwa mazoezini?

Jumapili nikaitwa mbele. Pasta Isaiah hakuwa mkali, aliongea pole pole, akina mama wakaniwekea mikono mpaka shingo ikauma, kisha Edinah akaniuliza mbele ya watu wote, "Ile roho ya kujitupa, imekuachilia?" Nikaangalia kanisa, wengine wanalia, wengine wamefunga chakula siku tatu kwa ajili yangu, nikasema, "Imeniachilia." Wakapiga makofi. Nelvine alikuwa kwa kwaya. Hakupiga.

Sasa akina mama wanakuja kwa zamu, analeta huyu maziwa ya mursik, analeta huyu mkate, wanakaa wananiangalia uso, wanaenda. Mtoto wangu ameficha kamba zote. Dawa ya kupe ameipeleka kwa Edinah. Analala kitandani kwangu ameweka mkono juu yangu, nikigeuka anaamka. Ananifuata shambani, anachuna laini ya chai iliyo kando ya yangu, na hachuni vizuri kwa sababu macho yako kwangu. Juzi akasema bila kuinua kichwa, "Ni mimi nilikuchosha na hiyo story ya mto. Tusiende. Nimeshawapigia nimewaambia hatuji."

Nikamwambia si wewe. Akasema, "Basi ni nini?" Nikanyamaza.

Na jana ndiyo imefanya niandike. Alienda shule ya kutwa iliyo hapa karibu, akaja na karatasi ya kuhama, nisaini kabla ya Jumatatu, anataka kuacha shule yake ya bweni, shule ambayo baba yake alimpeleka akiwa na furaha mpaka akapotea njia na lori, ili akae nyumbani kunilinda. Anasema mwalimu ameelewa. Kalamu imekaa juu ya karatasi, mezani, tangu jana.

Nikimwambia ukweli atajua nilidanganya kanisa mbele ya madhabahu, na yeye mwenyewe aliteseka bure wiki mbili nikiangalia. Nikimwambia Edinah, watasema mjane wa miaka hii anacheza na maji kwa suruali ya marehemu, na walikaa na njaa kwa ajili yake. Nikinyamaza nitasaini. Nimeomba Mungu anionyeshe njia na naona amechoka na mimi kama nilivyochoka. Nifanye nini, anagonga tena, wacha niishie hapo.

Ni mimi,
Mama wa Dami, karibu na Litein

*

Mama wa Dami,

Kwanza toka chooni.

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka kwenye jerikeni, na ninaungama hivyo kwa sababu leo ni siku ya kuungama. Mara ya pili sikucheka. Umeandika kwamba umechoka, kila mara ukaharakisha kwenda kwa jambo lingine, kama mtu anayefunika sufuria mgeni asione kilichomo.

Nianze na mtoto, maana yeye ndiye anayeumia leo. Wewe uliweza kuingia kwenye maji ya tope na jerikeni kifuani, na huwezi kusema sentensi moja mbele ya binti yako? Alikuuliza, "Basi ni nini?" Alikufungulia mlango mwenyewe, na wewe ukanyamaza. Wiki mbili huyo mtoto amelala na mkono juu ya mama yake akisikiliza kama anapumua, akiamini yeye ndiye aliyemsukuma majini. Hilo, mama, ni kosa kubwa kuliko ushuhuda wowote. Mtoto aliyezika baba hapewi hofu ya kuzika mama ili sisi wazazi tusione haya.

Kwa hiyo mwambie leo. Usingoje Jumapili, usingoje upate maneno mazuri. Mpeleke mpaka pale dami, mchana, uchukue na jerikeni, umwonyeshe lilivyofungwa. Mwambie, "Niliogopa kukuaibisha kule Sagana, nikaja kujifunza." Atakasirika. Mwache akasirike, usimkatize kwa Maandiko. Akimaliza kukasirika huenda akacheka, na wewe unajua kicheko hicho kina thamani gani kwako.

Sasa nikuulize jambo, na unijibu moyoni bila kunipamba. Ukiwa peke yako kwenye hiyo chai, wazo la kutotaka kuishi limewahi kukujia, hata mara moja, hata kwa kupita? Kama limekuja, si dhambi ya kuficha, ni ugonjwa wa kusema. Mwambie Edinah hilo wazo bila kulifunika, na mwende naye hospitali mkaongee na daktari, wiki hii. Kama halijawahi kuja, bado umeniambia kwamba ulishikwa na mtu mmoja kando ya maji na kilio cha miaka miwili kikatoka chote. Edinah alikosea kuhusu jiwe. Kuhusu wewe hakukosea sana.

Ndiyo maana sikubali unavyofikiri kwamba walikaa na njaa bure. Ulidanganya uliposema "imeniachilia", hilo usilipambe, na inabidi ulitengue pale pale ulipolisema. Lakini mfungo wao haukupotea. Walifunga kwa ajili ya mama aliyezama, na wewe ulikuwa umezama, ila si kwenye dami.

Nenda kwa Edinah kabla ya kanisa, nyumbani kwake, usimvizie mbele ya watu. Mwambie yote pamoja na suruali. Kisha omba pasta dakika tatu Jumapili na useme kwa kifupi: sikuwa najitupa, nilikuwa najifunza kuelea niende safari na mtoto wangu, niliona haya nikanyamaza, mnisamehe, na asanteni kwa kunishika. Ukae chini. Wako watakaonong'ona kwamba mjane anacheza na maji. Wacha wanong'one. Hao watapata habari nyingine wiki ijayo.

Kuhusu mto. Huyo rafiki yako Dorcus alikupa ujuzi nusu. Watoto wa ziwani wanakumbatia jerikeni, ndiyo, lakini wanakuwa na wakubwa kando yao, na hawalifungi mwilini kwa leso. Jerikeni lililofungwa kifuani likiteleza linaweza kukupindua uso chini, na leso ikilowa fundo halifunguki. Mungu alimtuma Edinah kweli siku hiyo, ila hakumpa maelezo kamili. Usiingie tena maji yoyote peke yako.

Mpigie yule kijana wa mashua leo. Mwambie hamjavunja safari kama nafasi ingalipo, na kama imejaa akupe likizo ya Desemba. Umwambie pia ukweli uliomnyima: hujui kuogelea hata kidogo, una miaka arobaini na nane. Hatakucheka, watu kama wewe anawaona kila wiki. Muulize kama wana sehemu ya maji mapole kwa wanaoanza, na kama mtafundishwa kwanza mahali palipotulia namna ya kukaa na namna ya kuelea mtu akianguka. Akikwambia haijalishi, panda tu, basi huyo mwache utafute wengine. Kabla ya kwenda pima presha. Fikeni jioni ya Ijumaa mlale, msishuke garini na kuingia mtoni na miguu imevimba. Mvua ikinyesha mto ukijaa na wenyewe wakasema leo hapana, iwe hapana, msibishane nao kwa sababu mmetoka mbali. Suruali vaa, tena ya kubana. Sketi majini ndiyo inayozamisha. Na mkubaliane wewe na Nelvine kwamba yeyote kati yenu akisimama ukingoni akasema sitaki, hakuna atakayemuuliza kwa nini. Hata ukifika pale ukakaa juu ya jiwe na kumtazama akipita, utakuwa umekwenda.

Ile karatasi ya kuhama usiisaini. Irudishe kwa mwalimu kwa mkono wako mwenyewe, umshukuru, umwambie mtoto anarudi shule yake. Kisha itafute ile nyingine ya zamani, iliyokuwa kwenye Biblia ya Johana, na chini ya sahihi yake uweke yako. Haitatumika popote, najua. Mtoto ataiona.

Limebaki la shamba, na hapa ndipo ninapotaka unisikie vizuri kuliko pote. Miaka miwili umechuna, umepeleka, umekamua, umelala, kana kwamba kazi hiyo Mungu alikuandikia wewe peke yako. Sasa una akina mama wanaokuja kwako kwa zamu na mursik, wanakaa, wanakuangalia uso, hawajui la kufanya na mikono yao. Wape kazi. Huyu achune laini zako Ijumaa, huyu apeleke senta, na ng'ombe mwachie Edinah. Watu waliokaa na njaa siku tatu kwa ajili yako hawatashindwa na ndoo ya maziwa. Na usiwaombe kama mtu anayeomba radhi. Waombe kama mtu wa nyumba moja.

Utanijibu kwamba mmoja wa ng'ombe wako anarusha teke na Edinah hajui kumkamua. Najua utanijibu hivyo. Rudi usome barua yako mwenyewe, jibu liko pale, binti yako alikupa tangu Aprili: ng'ombe wataishi.

Rodah